Bendi ya Mchezo na Hukumu ya Watazamaji: Habari za "The Monkees"

Tarehe 12 Septemba 1966 shirika la televisheni la NBC la Marekani lilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha wa mfululizo ulioitwa The Monkees. Habari yake ilikuwa nyepesi. Vijana wanne wapiga muziki, wasio na kazi ya kudumu wala fedha za kodi, wanakaa pamoja katika nyumba moja karibu na bahari. Kila juma wanatafuta mahali pa kupiga, na kila juma wanaangukia balaa jipya. Mchezo ulidumu misimu miwili tu, ukatimiza sehemu 58, ukakoma mwezi wa Machi 1968. Walakini katika muda huo mfupi watazamaji waligawanyika juu yake kwa ukali usiolingana kabisa na wepesi wa habari yenyewe. Walioupenda waliupenda mno, na walioukataa waliukataa kama watu waliouziwa bidhaa ya bandia. Ugomvi huo wastahili kuangaliwa, maana ndani yake mna swali ambalo kila mwenye kushughulika na sanaa hukutana nalo: wimbo ni wa nani? Ni wa aliyeutunga, aliyeupiga, aliyeuimba, au aliyeuuza?

Waliobuni mchezo huo ni Bob Rafelson na Bert Schneider, nao hawakuficha walikoupata mfano wao. Mwaka 1964 Beatles walikuwa wametokea katika filamu iliyoongozwa na Richard Lester, iliyoonyesha wapiga muziki wanne wakikimbizwa na wapenzi wao huku wakifanya mzaha na kila mtu. Septemba 1965 Rafelson na Schneider walitoa tangazo katika magazeti ya watu wa sinema kutafuta vijana wanne. Walijitokeza zaidi ya mia nne. Waliochaguliwa ni Davy Jones, Mwingereza wa Manchester aliyekwisha kucheza katika majukwaa ya New York; Micky Dolenz, aliyekuwa mwigizaji wa televisheni tangu utoto; na Michael Nesmith na Peter Tork, ambao wote wawili walikuwa wapiga muziki hasa. Hata jina lilifuata kielelezo: ni jina la kima kwa Kiingereza lililoharibiwa tahajia makusudi, kama vile Beatles walivyoharibu jina la mdudu. Jina hilo liliwapa wapinzani silaha ya bure, kwa kuwa Waingereza humtaja kima watakapo kumtahayarisha mwigaji.

Waliofurahi walikuwa hasa watoto na vijana wadogo, na furaha yao haihitaji maelezo marefu. Lakini walikuwapo pia watazamaji wa namna nyingine, watu wa ufundi wa picha, walioona jambo geni. Katika michezo ya kuchekesha ya siku zile kamera ilitulia sebuleni, watu wakaingia na kutoka kwa mlango mmoja, na kicheko kilichorekodiwa kikafuata kila neno. Katika The Monkees picha zilikatwa ghafula, mwendo ukaharakishwa au kupunguzwa, waigizaji wakageuka kuzungumza na mtazamaji, na mara kwa mara habari ikasimama kabisa ili wimbo upigwe juu ya picha zisizoambatana na chochote. Mwaka 1967 mchezo ulipata tuzo ya Emmy ya mfululizo bora wa kuchekesha, na James Frawley akapata ya uongozaji. Kwa kipimo cha sanaa ya televisheni, basi, hukumu ilikuwa ya kusifu.

Kipimo cha muziki kilikuwa kingine. Nyimbo zilisimamiwa na Don Kirshner, mfanyabiashara hodari wa nyimbo, ambaye aliagiza tungo kutoka kwa watungaji wake wa kulipwa, miongoni mwao Tommy Boyce na Bobby Hart, na Neil Diamond. Vyombo vilipigwa na mafundi wa studio. Vijana wanne waliitwa kuja kuimba, wakaimba, wakarudi kwenye kamera. Biashara ilikwenda vizuri kupita matazamio yote: santuri ndefu ya kwanza ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 13, na ya pili, iliyotolewa Januari 1967 bila ya wao kushauriwa, kwa majuma 18. Mwezi huo huo wa Januari Nesmith alimweleza mwandishi wa Saturday Evening Post waziwazi kwamba katika santuri hizo hawakupiga wao. Palizuka ghadhabu. Vijana wakubwa, ambao kwao muziki ulikuwa umekwisha kuwa namna ya kusema ukweli mbele ya wazee, waliona kwamba kampuni imeichukua sauti yao ikaiuza kama sabuni. Huko Uingereza pia, ambako BBC ilikuwa imeanza kuonyesha mchezo huo mwishoni mwa Desemba 1966, maneno hayakuwa mepesi.

Shutuma hiyo ilikuwa na haki kwa sehemu tu. Mwaka 1965 Byrds walipotoa santuri yao ya kwanza iliyovuma, ni mmoja wao tu, Roger McGuinn, aliyepiga chombo. Vingine vilipigwa na mafundi wa studio wa Los Angeles. Beach Boys walitumia mafundi hao hao kwa kazi zao zilizosifiwa sana za mwaka 1966. Hakuna aliyewaita wadanganyifu. Wala msomaji wa Kiswahili hataliona jambo hilo kuwa la ajabu, kwani katika taarabu ya Unguja na ya Mombasa mara nyingi mtunzi wa shairi ni mmoja, mtia sauti ni wa pili, na mwimbaji ni wa tatu, na hadhira huwajua wote na kumpa kila mmoja sifa yake.

Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa mahali pengine. Taarabu haimwonyeshi mwimbaji akijifanya kupiga fidla. Televisheni iliwaonyesha vijana hawa vidole juu ya nyuzi na vijiti juu ya ngoma, chini ya majina yao halisi, na santuri ikauzwa dukani kwa majina hayo hayo. Davy wa mchezoni na Davy wa santuri walikuwa mtu mmoja. Hapa lugha ya Kiingereza ilizidisha fumbo, maana kitenzi kimoja hutumika kwa mtoto achezaye, mwigizaji acheze sehemu yake, na fundi apigaye chombo. Kwa Kiswahili mambo haya yametengana: mtu hucheza au huigiza, lakini gitaa hupigwa. Mtazamaji wa Kiswahili angeweza kuuliza bila utata wowote kama vijana hawa walipiga au waliigiza wapigaji. Mtazamaji wa Marekani alipoambiwa kwa kitenzi chake kimoja kwamba hawakufanya, alielewa kwamba hawakufanya lolote, ilhali waliimba kweli na waliigiza kwa ustadi.

Nao wenyewe waliumwa na shutuma hiyo kuliko mtu yeyote. Walidai haki ya kupiga, na mwezi wa Februari 1967 Kirshner akaondolewa. Santuri yao ya tatu, Headquarters, iliyotoka Mei mwaka huo, walipiga wenyewe sehemu kubwa ya vyombo vyake. Ilikaa nafasi ya kwanza juma moja, kisha ikapinduliwa na Sgt. Pepper ya Beatles. Jambo la kusikitisha ni kwamba ushindi huo haukubadili hukumu ya mtu. Waliowadharau walikuwa wamekwisha kufunga masikio, na watoto waliowapenda hawakuwa wameuliza tangu mwanzo nani amepiga. Julai 1967 Jimi Hendrix alifuatana nao kama mpigaji wa kufungulia maonyesho. Wasichana wadogo waliokuja kumwona Davy Jones walimpigia kelele wakimtaka Davy, na baada ya siku chache Hendrix akaenda zake. Wote walikuwa ukumbini kwa sababu ya muziki, lakini hapakuwa na hadhira moja.

Katika msimu wa pili mchezo ulianza kuwafuata wale wasioupenda. Kicheko cha kurekodiwa kiliondolewa, mzaha ukawa mkali, na Frank Zappa akaletwa kufanya kejeli na Nesmith, kila mmoja akiwa amevaa kama mwenziwe. Filamu yao Head, ya mwaka 1968, iliyoandikwa na Rafelson pamoja na Jack Nicholson, iliibomoa kwa makusudi sanamu yote waliyoijenga. Watoto hawakuielewa na wakubwa hawakwenda kuitazama. Walakini fedha zilizopatikana kwa mchezo ziliwawezesha Schneider na Rafelson kuigharimia Easy Rider mwaka 1969, filamu iliyopendwa na vijana wale wale waliowadharau Monkees.

Tarehe 23 Februari 1986 stesheni ya MTV ilionyesha sehemu za mchezo huo mfululizo kwa saa nyingi, na kizazi kisichokuwapo mwaka 1966 kikaupokea. Nyimbo fupi za picha zilikuwa zimekwisha kuwa biashara ya kawaida, na waimbaji waliokuwa wakichezesha midomo mbele ya kamera walijaa kila stesheni. Hakuna aliyetaka hati ya nani amepiga ngoma. Vijana wale, ambao sasa walikuwa watu wazima wa miaka arobaini, walirudi jukwaani mwaka huo, isipokuwa Nesmith aliyejiunga nao kwa nadra. Jones alikufa mwaka 2012 na Tork mwaka 2019. Nesmith na Dolenz walifanya safari yao ya kuaga mwaka 2021, wakaimaliza Los Angeles mwezi wa Novemba, na Nesmith akafa mwezi uliofuata.