Sarufi ya God Jope ingemshinda mbuni wa lugha

Kaunti ya Migori ina wadi mbili ambazo majina yake huwababaisha wageni: God Jope iliyoko Suna Mashariki, na Got Kachola kule Nyatike. Mgeni aliyezoea Kiingereza akiliona jina la kwanza hudhani ni la kanisa. Mwenyeji hababaiki. Kwa Dholuo, got ni mlima au kilima, na kilima kikishapata mwenyewe, ile t ya mwisho hugeuka d. Jope nalo ni wingi wa jowi, yaani nyati, na hapo w imegeuka p. Kwa hiyo God Jope ni kilima cha nyati, na ndani ya maneno mawili mafupi zimefanya kazi kanuni mbili za sarufi. Kuhusu Got Kachola kubaki na t yake, nadhani waandishi wa ramani nao wana sarufi yao.

Nimeanza na jina hilo kwa sababu ya jambo lililotokea jirani. Agosti 2024, Arusha ilipokea Kongamano la Dunia la Kiesperanto, la 109, na la kwanza kufanyika katika bara la Afrika tangu mikutano hiyo ilipoanza Ufaransa mwaka 1905. Kiesperanto hakina kabila wala kijiji cha asili. Kilibuniwa na daktari wa macho, Ludwik Zamenhof, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza huko Warsaw mwaka 1887, akiamini kwamba watu wangegombana kidogo zaidi kama wangekuwa na lugha ya pamoja isiyo ya taifa lolote.

Msomaji wa Kiswahili akiifungua sarufi ya Zamenhof hatajihisi ugenini. Irabu ni tano, zilezile a, e, i, o, u. Kila herufi ina sauti yake moja. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na tunavyosema sisi. Nomino zote huishia na o, na kwenye wingi huongezwa j inayotamkwa kama y: libro ni kitabu, libroj ni vitabu. Ukitaka kinyume cha sifa, unatanguliza mal: bona ni nzuri, malbona ni mbaya. Kanuni za msingi ni 16 na hazina vighairi. Kazi safi, na siidharau. Lakini ni usafi wa nyumba ambayo bado haijalaliwa na watoto.

Sasa peleka neno letu kitabu hadi Homa Bay. Waluo wamelichukua, na wingi wake ni kitepe. Ile b imekuwa p. Buk, lililotoka Kiingereza kwa maana hiyohiyo, wingi wake ni buge: k imekuwa g. Mtu atauliza, sasa kanuni ni ipi, sauti inalainika au inakauka? Tazama maneno ya wenyewe. Got, kilima, huwa gode. Bat, mkono, huwa bede. Luth, fimbo, huwa ludhe. Katika hayo, sauti isiyo ghuna imekuwa ghuna. Lakini kidi, jiwe, huwa kite. Chogo, mfupa, huwa choke. Puodho, shamba, huwa puothe. Hapa mambo yamekwenda upande wa pili, ghuna imepoteza ughuna wake. Wingi haudai t wala d. Unadai tu kwamba konsonanti iwe kinyume cha ilivyokuwa katika umoja.

Mwanaisimu Edgar Gregersen aliandika juu ya jambo hili katika miaka ya 1970. Mwaka 1982 Duncan Okoth-Okombo akachapisha kitabu kizima kuhusu namna sauti za Dholuo zinavyobadilika ndani ya maneno. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika: wengine wanasema ni kanuni moja ya kupindua, wengine wanasema haiwezekani lugha ya binadamu ikawa na kanuni ya namna hiyo, lazima ziwe mbili au tatu zilizokutana kwa bahati. Wauza omena wa Mbita hawausubiri uamuzi huo. Zamenhof angeandika kanuni kama hiyo, wenzake wangemrudishia karatasi.

Na bado hatujagusa irabu. Dholuo huandikwa kwa zile tano za kawaida, ila kinywani ziko tisa, zimegawanyika katika makundi mawili kulingana na ulimi unavyosogea nyuma ya koo, na kwa kawaida neno moja huchagua kundi na kubaki nalo. Juu yake kuna toni, ambayo maandishi ya kila siku hayaionyeshi. Msomaji wa Dholuo hujaza mwenyewe yaliyoachwa. Pengine ndiyo maana mtu anayeisema vizuri anaweza kukwama akipewa ukurasa asome kwa sauti.

Wabuni wa lugha za sinema ndio hutafuta ugeni kwa makusudi. Marc Okrand, aliyetunga Kiklingoni na kutoa kamusi yake mwaka 1985, alichagua mpangilio adimu sana duniani: kitendwa, kitenzi, kisha mtenda. Ni kama kusema «ugali amekula Otieno» ukiwa na maana kwamba Otieno ndiye aliyeshiba. Wengine hawakujisumbua hata hivyo. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, rubani mmoja wa sayari ya mbali anatoa maneno ya Kikuyu, sauti yake ikiwa ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani. Huko nje yalipita kama lugha ya kubuni ya anga za juu. Hapa nyumbani watazamaji walicheka.

Hao wasaka ugeni ningewaelekeza Kehancha, kwa Wakuria. Katika Igikuria, wakati wa kitenzi hujulikana pia kwa mahali toni ya juu inapoanzia. Hesabu irabu za shina, ile ndefu ukiihesabu kama mbili: nyakati fulani huiweka toni hiyo kwenye ya kwanza, nyingine kwenye ya pili, nyingine kwenye ya tatu, na nyingine kwenye ya nne. Msemaji haonekani akihesabu, ila hesabu ipo. Na kitenzi kikiwa kifupi mno, hakina hiyo irabu ya nne? Kuna nyakati ambapo toni huvuka ikaenda kutua juu ya neno linalofuata, kwenye nomino isiyohusika kabisa na wakati wa kitenzi. Mwanaisimu David Odden aliielezea hesabu hii mwaka 1987, na baadaye Michael Marlo, Leonard Chacha Mwita na Mary Paster wakaendelea nayo.

Olusuba ina msiba tofauti. Ni lugha ya Kibantu, jamaa ya Luganda, yenye ngeli ambazo Mswahili angezitambua upesi. Hata jina lake lina kiambishi cha ngeli. Imezungukwa na Dholuo kote Rusinga na Gwassi, na vizazi kadhaa vya Wasuba vimekua vikisema lugha ya jirani. Mfangano ndiko iliko na nguvu kidogo, na redio ya kisiwani, Ekialo Kiona, hutangaza kwa lugha hiyo. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaiagiza serikali kuendeleza lugha za kiasili, na mtaala wa sasa unaruhusu zifundishwe katika madarasa ya chini, ila mwalimu apatikane na kitabu kiwepo.

Kwenye programu ya kujifunzia lugha ya Duolingo, Kiesperanto kiliingia mwaka 2015, na Kiklingoni mwaka 2018. Mtoto wa Sindo anaweza leo kujifunza bure, kwa simu ya mama yake, namna ya kumtukana mtu wa sayari isiyokuwepo. Akitaka Olusuba, apande boti.