Mota Ikipiga Hodi

Dalili ya mvua ni mawingu. Motokari nayo, kabla ya kuvunjika njiani, mara nyingi hutoa dalili: mlio wa ko-ko-ko ndani ya mota. Mlio usiokoma hausumbui sana, kwani kila mtu ausikia na gari hupelekwa kwa fundi. Unaosumbua ni ule unaokuja na kutoweka. Asubuhi wasikika, mchana hakuna, mwenye gari asema: «Imepona, twende.» Lakini chuma hakijiponyi.

Fundi mwenye akili hashiki funguo upesi. Kwanza huuliza: yagonga wakati gani?

Ikigonga asubuhi ingali baridi, kisha ikanyamaza inapopata moto, yaelekea pistoni zimelegea katika silinda zake kwa kulika. Chuma kikipata moto hutanuka, na nafasi hupungua. Gari la namna hiyo laweza kufanya kazi bado siku nyingi, ila liangaliwe.

Ikilia wakati wa kupanda mlima tu, kama changarawe katika kopo, pengine esansi ni mbaya, au cheche ya buji yatoka kabla ya wakati wake, au mota imepata moto kupita kiasi. Ingia katika gia ndogo, wala usikanyage kwa nguvu.

Lakini mlio ukiwa mzito kama nyundo, tena mota ikiwa na moto, uogope. Huenda zimekwisha kusineti, ndivyo vyuma laini vinavyoshika mkono wa pistoni. Hapo fundi hunyamazisha silinda moja moja kwa zamu. Akifika kwenye ile ambayo mlio hupungua, amepata mahali pa ugonjwa. Kazi hiyo mwachie yeye, maana umeme wa buji hupiga vibaya.

Je, mlio unaosikika katika kona na milima tu? Pima mafuta ya mota. Yakipungua, hukimbilia upande mmoja wa bakuli lake, pampu hunyonya hewa, na vyuma husuguana vikavu. Fikirini njia ya Uvira kwenda Bukavu. Uvira, kando ya Tanganyika, upo kwenye mita 770 hivi juu ya bahari; Bukavu karibu mita 1,500. Kamyo yenye mafuta machache yaweza kunyamaza katika uwanda wote wa Ruzizi, kisha ikagonga katika kona za Ngomo. Ikifika mjini, barabara ikiwa sawa, hunyamaza tena, na dereva huitwa mwongo.

Basi, dereva, andika katika daftari: saa, njia, mzigo, moto au baridi. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, simamisha gari upesi, kisha zima mota. Mkono wa pistoni ukikatika waweza kutoboa mota; nayo ikizimika mteremkoni, breki na usukani hupungukiwa nguvu.

Nanyi wenye magari, msimlazimishe dereva kuondoka kwa sababu leo hausikiki mlio. Juu ya magunia ya mihogo wameketi akina mama na watoto wao. Amri ya tano yahusu barabara pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bali uhai wa mtu haujengwi tena.