Mashine ya kupimia injini: mnunuzi aangalie magari ya wateja wake kwanza

Mwenye gereji anayetaka mashine ya kupimia taiming ya injini hana budi kujua kwanza anahudumia magari ya aina gani. La sivyo, mtaji utalala kabatini.

Kisomaji kidogo kinachotumia simu ndicho rahisi kuliko vyote. Husoma namba za hitilafu na kuonyesha digrii za taiming injini ikinguruma, lakini hakiwezi kuibadili. Mashine kubwa hutoa amri kwa kompyuta ya gari, ila nyingi hudai malipo ya programu mpya kila mwaka.

Mfumo wa OBD-II ulikuwa wa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Gari la zamani la soko la Japani laweza kuwa na soketi ileile ya pini 16, na kisomaji kisipate jibu.

Kwa Toyota yenye injini ya 5A-FE, fundi huunganisha TE1 na E1, humulika puli kwa taa ya taiming, kisha huzungusha distributa hadi digrii 10. Hapo taa ndiyo inayoingiza fedha.

Injini zisizo na distributa hupangiwa taiming na kompyuta. Ikiharibika, fundi hutafuta sensa mbovu au mkanda ulioruka meno. Mashine humwonyesha pa kuanzia tu.

Mnunuzi makini huijaribu mashine kwenye magari matatu ya wateja wake kabla ya kulipa.