Kadogi Kako Kamezaa Bila Kukupea Notisi? Cheki Vile Utaokoa Mama na Katoi

Ulidhani ni kitambi. Kalikuwa kanakula fiti, kanalala mchana kutwa, tumbo limejaa kiasi, ukasema sasa maisha ya keja imekakubali. Alafu saa kumi na moja asubuhi unaskia sauti nyembamba kama ya panya aliyefinywa na mlango. Unawasha taa, na chini ya kitanda kuna kitu kama soksi iliyolowa maji, kinajivuta kwa tumbo. Kimoja tu. Mama yake anakuangalia kama wewe ndio uliingia kwake bila kubisha.

Tulia. Hujarogwa na wewe si fala. Mimba ya mbwa hukaa siku 63 hivi tu, na mwezi wa kwanza hata ukikodoa macho huoni kitu. Kama ndani kuna katoi kamoja, na mama ni hawa wadogo wa manyoya mob, Maltese, Japanese Spitz ama ile mchanganyiko yenye kila mtu mtaani huita Chihuahua, tumbo linaweza kukunyamazia mpaka siku ya mwisho.

Na usishangae ilianzia wapi. Mbwa mdogo wa kike anaweza kuingia joto la kwanza akiwa na miezi sita hivi, na hilo joto huchukua kama wiki tatu. Hapo ndio wasee hupigwa chenga: siku zenye anakubali dume mara nyingi ni zile damu imeanza kupungua, wakati wewe umefungua mlango ukidhani mambo imeisha. Mbwa wa caretaker hakuhitaji hata nusu saa. Saa hii ako kwa gate akibwekea nduthi, na matunzo usitarajie.

Sasa, watu wengi wakiona ni katoi kamoja husema afadhali, kazi ni kidogo. Zii. Katoi kamoja ndio kana ngori. Watoi wakiwa wanne ama watano wanalaliana, wanapashana joto, na wakinyonya wanagawana matiti yote. Huyu wako ako solo. Hana wa kumlalia. Tena akiwa peke yake tumboni hunona, na kwa sababu watoi ndio hutuma ujumbe kwa mwili wa mama kwamba siku imefika, ujumbe wa mmoja unaweza kuwa hafifu. Uchungu unachelewa, yeye anaendelea kukua, na mlango ni ule ule mdogo. Ndio maana tudogi twingi twenye mimba ya katoi kamoja huishia kupasuliwa. Kama kako kamejifungua chini ya kitanda bila msaada, mshukuru Mungu alafu uanze kazi.

Kwanza hakikisha mama amemaliza. Akiwa bado anasukuma kwa nguvu karibu nusu saa na hakuna kitu kinatoka, ama anatoa majimaji ya kijani na hakuna katoi kamefuata, ama amelegea hawezi kuinua kichwa, usianze kuuliza kwa grupu ya WhatsApp. Tafuta daktari wa wanyama hiyo saa. Kondo la nyuma akilila, mwache, ni tabia yao. Uchafu wa rangi ya damu iliyokauka unaweza kuendelea wiki tatu na zaidi ukipungua pole pole, hiyo ni kawaida. Ukinuka vibaya ama ugeuke usaha, hiyo si kawaida.

Kama mama ni mgeni kwa hii kazi na amekaa tu akishangaa, ingia wewe. Toa ile ngozi laini kwa pua na mdomo wa katoi, kapanguze, alafu kasugue na taulo kavu mpaka kalie. Kile kilio ndio unataka. Kuna wazee watakuambia ushike katoi ukarushe juu chini ili maji yatoke kwa mapafu. Usifanye hivyo, ubongo wake ni mlaini na unaweza kukaumiza kabisa. Kitovu kikitoa damu, kifunge na uzi safi sentimita mbili hivi kutoka kwa tumbo, upake ayodini.

Baada ya hapo, adui wa kwanza ni baridi. Hapa ndio watoi wengi hupotelea, na wenye nyumba hudhani ni njaa. Katoi ka mbwa hakawezi kujitengenezea joto la kutosha wiki mbili za kwanza hivi. Hata kutetemeka hakajui. Kwa boksi yake kanahitaji nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, na keja ya Nairobi usiku wa Julai haikaribii hapo hata madirisha yote yakifungwa.

Huhitaji mashine. Chukua katoni yenye kuta ndefu kiasi, weka gazeti chini, juu yake blanketi ama taulo isiyoteleza. Jaza chupa ya soda ya nusu lita na maji moto, funga vizuri, iviringe kwa taulo na uiweke upande mmoja wa katoni. Upande mmoja tu, ndio katoi kakiskia joto limezidi kajivute kando. Badilisha maji kila yakipoa, na ndio, hiyo inamaanisha kuamka usiku. Kitu chenye hutakiwi kufanya ni kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Ile hewa yake haina harufu na inaua mbwa na wewe pia, na kila msimu wa baridi tunaskia hizo habari.

Kashike. Katoi kako sawa kana joto, kamejaa mkononi, na kakilala kanarukaruka kidogo kama anayeota. Hiyo mitetemo ya usingizi isikushtue, ni dalili poa. Kakiwa baridi, kamelegea, mdomo ndani umepoa, usikimbilie kukalisha. Mwili ukishapoa tumbo huacha kusaga, maziwa yanakaa hapo yakiharibika. Kapashe joto kwanza, pole pole, kwa ngozi yako ndani ya shati, alafu ndio maziwa.

Na maziwa yenyewe ni ya mama. Yale ya siku ya kwanza ndio yamebeba kinga, na tumbo la katoi linaweza kuipokea kwa saa 24 hivi tu, baadaye huo mlango unafungwa. Kwa hivyo kama kanahangaika kupata titi, kaelekeze. Mfinye mama titi kidogo tone litokee, uweke mdomo wa katoi hapo.

Ikifika mahali mama amekataa ama hana maziwa, nenda duka la vitu za mbwa ama agroveti ya maana uulize maziwa ya poda ya watoto wa mbwa. Yale ya pakiti ya chai hayatoshi, kwa sababu maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya ya ng'ombe, na ya ng'ombe mara nyingi humwachia katoi kuendesha. Lisha kila saa mbili ama tatu wiki ya kwanza, tone kwa tone, katoi kakiwa kamelala kifudifudi kichwa kimeinuka kidogo. Usikalaze chali kama mtoto wa binadamu. Maziwa yakiingia kwa mapafu hapo umekamaliza. Ukimaliza, chukua pamba yenye maji ya uvuguvugu upanguze chini ya mkia, kwa sababu kwa umri huo hakawezi kwenda haja bila kulambwa. Kama mama ako kazini, hiyo ni kazi yake, na ataifanya kuliko wewe.

Utajuaje mambo inaenda poa? Pima. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, ile ya kupimia unga wa keki. Pima kila siku saa ile ile, andika kwa simu. Siku ya kwanza kanaweza kupungua kidogo, baadaye lazima kila siku kaongeze, na ikifika siku kumi kawe kamekaribia mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Uzito ukisimama siku mbili kuna shida, hata kama macho yako yanakuambia kako sawa. Macho yake nayo yatafunguka kati ya siku ya 10 na 14 hivi, masikio yanafuata. Usiyafungue wewe.

Kuna shida nyingine ya watoi solo yenye watu hucheka nayo. Kakikosa mashindano kananyonya kananona, alafu kakikaa kwa sakafu ya taili miguu inateleza kando kama ya chura, kifua kinakuwa bapa. Ndio maana nilisema taulo isiyoteleza. Ukiona wiki ya tatu inaenda kuisha na bado kanaogelea kwa tumbo badala ya kusimama, daktari ataonyesha vile ya kufunga hiyo miguu ikae karibu. Ikiwahiwa mapema hurudi sawa.

Sasa tuongee kuhusu mama, kwa sababu wasee husahau mama. Kila mtu anapiga katoi picha, na yeye ndiye anaweza kudedi.

Ako na matiti nane hadi kumi na mnyonyaji mmoja. Mengine yanajaa yanakuwa magumu. Yaguse kila siku. Badilisha katoi titi, na lililojaa likande na kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Likiwa jekundu, la moto, akikataa kuguswa, ama maziwa yametoka na rangi, hiyo ni maambukizi na inataka dawa ya daktari, si majani ya kabeji.

Alafu kuna ile yenye huja bila kubisha. Mbwa wadogo wananyonyesha wanaweza kuishiwa na kalsiamu kwa damu, kwa sababu yote inaenda kwa maziwa. Hushika zaidi wenye watoi wengi, lakini udogo wa mwili peke yake unatosha kukuweka macho. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki nne za kwanza, wakati wewe umeshaona mambo imetulia. Anaanza kuhangaika, anapumua mbio mdomo wazi, hataki katoi, anatembea kama miguu ni ya mbao, alafu anatetemeka mwili mzima. Hapo huna siku, una masaa. Toa katoi kwake na umpeleke, daktari atampa kalsiamu kwa mshipa pole pole akiskiza moyo. Na usijaribu kumkinga na tembe za kalsiamu akiwa bado na mimba. Mwili ukizoea kupewa unasahau kutoa kwa mifupa, na shida inakuwa kubwa kuliko.

Kwa chakula, ugali na supu ya mifupa haitamtosha. Mpe chakula cha watoto wa mbwa kama mfuko unaruhusu, hata yeye mkubwa anakula hicho wakati huu. Kama ganji ni fupi, changanya wali ama ugali na matumbo, mayai ya kuchemsha, omena iliyooshwa chumvi. Mpe mara tatu ama nne kwa siku, na maji yasikauke. Kitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, chokoleti hapana. Na ile poda ya viroboto ya agroveti usimwagie mama wala katoi bila kuuliza. Kwa hao wadogo inaweza kuwa sumu. Kitana cha meno madogo kinafanya kazi polepole lakini salama.

Wageni wa ploti waambie warudi baada ya wiki tatu. Mama akiona kila mtoto wa jirani anabeba katoi, ataanza kukahamisha, na ameshajua chini ya kitanda.

Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili, kwa sababu minyoo hupitia kwa mama, tumboni na kwa maziwa, hata kama mama anaonekana msafi. Chakula laini unaanza kukaonjesha wiki ya nne hivi. Chanjo ya kwanza ni kati ya wiki ya 6 na ya 8, na mpaka zile za kurudia ziishe usikashushe kwa mchanga wa nje, kwa sababu virusi vya parvo hukaa ardhini miezi. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, alafu kila mwaka, na mama pia. Hiyo usiruke hata kama umesota. Kenya inajaribu kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na binadamu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona.

Ukikuta msee anakuambia atakachukua kakiwa na wiki nne, "kazoee kwangu mapema", mkatalie. Kakae na mama mpaka wiki nane. Wenzake ndio wangekafunza kutouma kwa nguvu, na hana wenzake, kwa hivyo hiyo darasa ni yako na mama. Kakikuuma ukicheza nako, simama, nyamaza, acha mchezo dakika moja. Rudia kila siku.

Daktari usimchukue tu kwa sababu ana koti jeupe. Muulize namba yake ya usajili na Kenya Veterinary Board, mwenye ako sawa hatakasirika. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete, na KSPCA wako Karen. Piga simu uulize bei kabla ubebe mbwa kwa mathree.

Na ukiwa hapo, uliza pia siku ya kumfunga mama uzazi. Hufanywa katoi kakishaacha kunyonya na maziwa yamekauka. Usisukume mbele sana, kwa sababu joto lingine linaweza kurudi kabla miezi sita iishe, na mbwa wa caretaker bado anaijua hiyo nyumba.