Si ugonjwa wa wazee pekee: Yale ambayo utafiti umefichua kuhusu baridi yabisi ya watoto

Kwa wakazi wengi, baridi yabisi ni maradhi ya nyanya na babu: magoti yanayouma msimu wa mvua, mkongojo ulioegemezwa ukutani na chupa ya mafuta ya kuchua dirishani. Ndiyo maana mtoto wa Gredi ya Nne akiamka anachechemea, nyumbani husemwa ameumia mchezoni au mifupa inakua. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo watoto ambao maumivu hayo ni dalili kwamba kinga ya mwili imeugeukia mwili inaopaswa kuulinda. Kwa baadhi yao, kuchelewa kutibiwa huacha kovu lisilofutika kwenye vali ya moyo, ndani ya jicho au katika goti.

Magonjwa ya aina hiyo ni mengi. Makala haya yanaangazia mawili ambayo yamefanyiwa utafiti wa kina kwa watoto wenyewe: homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kooni na kuishia moyoni, na athritisi ya watoto. Lupasi, ambayo huweza kushambulia ngozi, figo na damu, nayo huwapata watoto, hasa wasichana wanaobalehe, lakini hiyo inahitaji makala yake.

Kutoka kooni hadi moyoni

Homa ya baridi yabisi huanza na jambo ambalo kila mzazi amelishuhudia: koo kuuma. Bakteria wa aina ya streptokoka wa kundi A huingia kooni, na kinga ya mwili hutengeneza silaha za kuwaangamiza. Tatizo ni kwamba baadhi ya sehemu za bakteria hao zinafanana na sehemu za moyo, viungo na ubongo wa binadamu. Kwa watoto wachache silaha hizo hushindwa kutofautisha adui na mwenyeji.

Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, wakati kila mtu nyumbani amekwisha kusahau, goti huvimba na kuuma. Siku chache baadaye goti hutulia na kifundo cha mguu kikachukua zamu. Huenda pia kukawa na homa. Baadhi ya watoto hurusha mikono na miguu bila kutaka na kuangusha vitu, hali ambayo shuleni hudhaniwa kuwa utundu na nyumbani hudhaniwa kuwa mapepo. Viungo hupona bila kuacha alama. Moyo ndio unaobaki na kovu. Vali zake, ambazo ni kama milango inayoelekeza damu upande mmoja, hukakamaa au hushindwa kufunga sawasawa, na kila shambulio jipya la streptokoka huongeza uharibifu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu wa moyo, na takriban 360,000 hufa kila mwaka. Homa yenyewe huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 5 na 15, lakini madhara yake makubwa huonekana ujanani. Utafiti uitwao REMEDY ulifuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 14, Kenya ikiwa mojawapo. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Katika muda wa miaka miwili, takriban 17 kati ya kila wagonjwa 100 walikuwa wamefariki. Hawa ni watu wa umri wa kulea na kutafuta riziki, na wengine wao hugundua kuwa moyo una kasoro wakiwa tayari ni wajawazito.

Watoto zaidi ya laki moja wa Gulu

Swali lililowasumbua madaktari kwa miaka mingi lilikuwa hili: je, kovu likigunduliwa mapema, kabla mtoto hajahisi chochote, linaweza kuzuiwa lisiendelee? Mashine ya eko, inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilikuwa imeonyesha kwamba watoto wengi wanaocheza na kusoma kama kawaida wana dalili za mwanzo kwenye vali. Kwa waliokwisha kuugua homa ya baridi yabisi, tiba ilijulikana: sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili streptokoka wasipate nafasi tena. Kwa hawa wasio na dalili, hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika. Wapo waliohofia kuwadunga watoto sindano bure, kwani picha za baadhi yao hurudi kuwa za kawaida bila dawa.

Jibu lilitoka kwa majirani zetu. Watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani walikwenda Gulu, kaskazini mwa Uganda, wakapima moyo wa watoto 102,200 wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Baada ya uchujaji wa hatua kadhaa, watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo waliingia katika utafiti na matokeo yao yakachambuliwa. Waligawanywa kwa kura. Nusu walidungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na nusu walifuatiliwa bila sindano. Mwishoni picha zao zilisomwa na jopo la wataalamu ambao hawakujua ni mtoto yupi alipata dawa na yupi hakupata, ili matumaini yao yasiingie kwenye majibu.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2021. Miongoni mwa waliopata sindano, hali ya moyo ilizidi kuwa mbaya kwa watoto 3, sawa na asilimia 0.8. Miongoni mwa wasiopata, ilizidi kwa watoto 33, sawa na asilimia 8.2. Kwa hesabu rahisi, wakidungwa watoto 13 kwa miaka miwili, mtoto mmoja anaokolewa na kuharibikiwa zaidi. Penisilini ni dawa ya zamani, tena ya bei nafuu, na tofauti kubwa kiasi hicho haipatikani kila siku katika utafiti wa moyo.

Hata hivyo, takwimu hizo zina upande wa pili ambao mzazi anastahili kuujua. Zaidi ya watoto 90 kati ya kila 100 ambao hawakudungwa hawakuzidiwa katika miaka hiyo miwili. Watoto wawili waliodungwa walipata madhara makubwa yaliyohusishwa na sindano, mmojawapo akiwa na mzio usio mkali. Isitoshe, kupima watoto wa kaunti nzima kwa eko kunahitaji mashine, watu waliofunzwa kuisoma na mpango wa kuwafuatilia wanaogunduliwa. Kupima bila kufuatilia ni kumpa mzazi hofu bila dawa. Kwa sababu sindano hiyo huuma, utafiti mwingine umeanzishwa nchini Uganda kulinganisha sindano na vidonge vya penisilini vinavyomezwa kila siku.

Kuna takwimu nyingine ya Gulu ambayo haizungumziwi sana: kati ya watoto 818, waliofika mwisho walikuwa 799. Miaka miwili ya kufika kliniki, wengi wao kwa ajili ya sindano chungu ya mtoto ambaye hajioni mgonjwa, si jambo dogo kwa familia. Anayedai kuwa wazazi wa mashambani hawawezi kufuata matibabu ya muda mrefu ana jibu lake hapo.

Koo lisipuuzwe

Kinga bora zaidi huanza kabla ya moyo kuguswa, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka wa 1950 watafiti waliokuwa wakiwatibu wanajeshi katika kambi moja ya jimbo la Wyoming, Marekani, walionyesha kuwa penisilini ikitolewa wakati koo limeshambuliwa na streptokoka huzuia homa ya baridi yabisi isifuate. Zaidi ya miaka 70 baadaye, ujumbe huo bado haujafika kila boma.

Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi na hayahitaji antibiotiki. Mtoto mwenye mafua, kikohozi na sauti ya kukwaruza kwa kawaida yumo katika kundi hilo. Anayepaswa kupelekwa zahanati bila kuchelewa ni yule ambaye koo limeanza kuuma ghafla, ana homa, hana kikohozi wala mafua, mafindofindo yamevimba au yana usaha, na tezi za shingo zinauma zikiguswa. Mhudumu akiona kuwa ni streptokoka, tiba ni sindano moja ya penisilini au dawa za kumeza kwa siku 10. Siku 10 ni siku 10. Vidonge vinne vilivyonunuliwa dukani na kusitishwa mtoto akianza kula vizuri vinapunguza maumivu tu na kuwaacha bakteria. Mzazi pia amweleze mhudumu iwapo mtoto amewahi kudhurika na dawa yoyote, kabla ya sindano.

Viungo vinavyokataa kuamka

Athritisi ya watoto ni ugonjwa tofauti. Haitokani na koo, haiambukizi, na chanzo chake hakijulikani kikamilifu. Madaktari huitambua pale kiungo kimoja au zaidi kinapovimba kwa muda wa wiki sita au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, baada ya kuondoa sababu nyingine kama kifua kikuu cha mifupa, selimundu au saratani ya damu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotoa jibu.

Dalili ya kuangalia ni asubuhi. Mtoto mwenye maumivu ya kawaida ya ukuaji hulalamika jioni au usiku, na asubuhi hukimbia kama kawaida. Mwenye athritisi huamka amekakamaa, hutembea kama mzee hadi jua lipande, halafu hulegea. Mdogo asiyeweza kujieleza huomba kubebwa au huacha kufanya jambo alilokwisha kujifunza, kama kupanda ngazi. Jicho nalo linaweza kuvimba kwa ndani bila wekundu wala maumivu, na likaharibika kimyakimya. Kwa hivyo mtoto aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa huu hupimwa macho mara kwa mara hata kama anaona vizuri.

Mabadiliko makubwa katika tiba yalitokana na utafiti uliochapishwa mwaka wa 1992, uliowahusisha watoto 127 wa Marekani na uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Dawa iitwayo methotreksati, kwa kipimo kidogo mara moja kwa wiki, ilileta nafuu kwa asilimia 63 ya watoto, ikilinganishwa na asilimia 36 ya waliopewa dawa bandia. Leo dawa hiyo imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu kwa watoto. Huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, na ni ya wiki, si ya kila siku. Kukosea hapo ni hatari.

Mwaka wa 2000 ulichapishwa utafiti wa dawa mpya zaidi, etanasepti, na mpangilio wake unafaa kuelezwa kwa sababu unajibu hofu ya wazazi wengi. Watoto wote 69 walipewa dawa halisi kwanza, kwa miezi mitatu. Wale 51 walioonyesha nafuu ndio waliogawanywa kwa kura, wengine wakiendelea na dawa na wengine wakipewa dawa bandia. Mtoto ambaye ugonjwa ulimrudia alirejeshewa dawa halisi. Ulirudi kwa asilimia 81 ya waliokuwa kwenye dawa bandia, na kwa asilimia 28 ya waliobaki kwenye dawa. Kwa njia hiyo hakuna mtoto aliyeachwa akiteseka kwa muda mrefu ili tu hesabu ikamilike. Etanasepti hata hivyo ni ghali mno kwa familia nyingi, na methotreksati bado ndiyo nguzo ya matibabu.

Mzazi akiombwa ridhaa

Majaribio ya dawa kwa binadamu nchini Kenya hayaanzi hadi yaidhinishwe na kamati ya maadili iliyotambuliwa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), kupata leseni ya tume hiyo, na kuidhinishwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mtafiti akibisha hodi, mzazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa vibali hivyo na kuelezwa yote kwa lugha anayoielewa: mtoto atafanyiwa nini, damu itatolewa kiasi gani, kuna hatari gani, nani atamtibu akidhurika, na je, dawa ikifaulu ataendelea kuipata utafiti ukiisha? Swali hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo lenye uzito kwa ugonjwa wa miaka mingi.

Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa huulizwa pia kama anakubali, na kukataa kwake huheshimiwa. Familia inaweza kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Taarifa za afya ya mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Pa kuanzia

Mtoto mwenye kiungo kilichovimba, anayechechemea asubuhi kwa zaidi ya wiki moja, anayehema haraka akicheza au anayerusha viungo bila kutaka, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, ambapo ataelekezwa hospitali ya rufaa ikibidi. Akiwa na homa kali pamoja na kiungo chenye joto ambacho hataki kiguswe, apelekwe siku hiyo hiyo. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kusaidia familia kufika kituoni na kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Inasaidia sana mzazi akifika na kumbukumbu iliyoandikwa, hata kama ni kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la shule: ni kiungo kipi kilianza, tarehe gani, kilihama au la, na kama mtoto alikuwa ameumwa na koo mwezi uliotangulia.