Magadi Yakizimuka, Heroe Huhama

Ndani ya Kreta ya Ngorongoro kuna maji ya aina mbili. Chemchemi ya Ngoitokitok, wanakoshinda viboko, ni maji baridi. Ziwa Magadi, ambalo Wamaasai huliita Makat, halina pa kutokea: maji huingia, jua huyakausha, chumvi hubaki.

Weka tone la kila upande chini ya hadubini. La chemchemini kwa kawaida hukuonyesha diatomu, mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika lenye mistari na vitundu vilivyopangika ajabu. La ziwani, msimu ukiwa mzuri, ni kijani tupu: nyuzi zilizojisokota kama springi ya godoro. Hizo ni Arthrospira, jamii ya sianobakteria, ambao huitwa pia mwani wa kijani-buluu. Heroe mdogo hupindua kichwa, akazichuja kwa mdomo, na uwaridi wa manyoya yake hutoka humo humo.

Mwenye kuamua nani aishi wapi ni chumvi. Mto Munge ukishusha maji mengi kutoka Olmoti, magadi huzimuka, Arthrospira hupungua na heroe huondoka. Ukame nao ukizidi, ziwa hugeuka tope jeupe, wasipate kitu vilevile.

Kubadilika huko ni kwa kale. Kwenye tope la Ziwa Emakat, ndani ya kreta ya Empakaai, magamba ya diatomu yamehifadhi kumbukumbu ya miaka 14,800 hadi 9,300 iliyopita, kipindi ambacho tabianchi ya eneo hili iliyumba sana. Linalotia wasiwasi ni mwelekeo wa sasa. Mwaka 2024, watafiti wakiongozwa na King's College London walichapisha uchambuzi wa picha za setilaiti za zaidi ya miaka 20, kutoka maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania: maji yanapanda, chakula cha heroe kinapungua.

Tusiisingizie mvua peke yake. Mashamba ya miinuko ya Karatu yanamomonyoka, na udongo wake huishia Ziwa Manyara. Tope huzuia mwanga, huku fosforasi iliyoshikamana nalo ikilisha mwani. Mwani mwingi si neema kila mara: heroe walipokufa kwa wingi Manyara mwaka 2004, mtafiti Charles Lugomela na wenzake walitaja sumu ya sianobakteria kuwa huenda ndiyo chanzo. Wala si udongo tu: kule Mang'ola, maji ya chemchemi humwagilia vitunguu kabla hayajafika Ziwa Eyasi.

Kufuatilia mabadiliko haya kwenye mito inayolisha maziwa hakudai mitambo mikubwa. Diatomu hung'ang'ania mawe, na utelezi unaowaangusha wavukaji mara nyingi ni wao. Mtafiti huokota jiwe, hulisugua kwa mswaki, husuuzia kwenye chupa, kisha huhesabu aina chini ya hadubini. Kazi ngumu ni kuzitambua, na kurudi kwenye mawe yaleyale masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka.