Kuupiga Picha Mwezi wa Pwani

Jioni ile mwezi mpevu ulichomoza baharini ukiwa mwekundu kama kaa la moto, na sisi tuliokuwa tumeketi pale Raskazone tukanyamaza. Nikatoa simu nikapiga picha. Kilichopatikana ni doa jeupe lisilo na uso, mfano wa tone la maziwa juu ya kitambaa cheusi. Mwanangu aliitazama sana picha ile, kisha akaniuliza mwezi wenyewe uko wapi.

Swali hilo lilinifanya nitafute sababu, nayo ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Kwa kuwa twauona mwezi usiku, twaudhania kuwa ni kitu cha usiku. La hasha! Mwezi hauna nuru yake. Ni jabali lililoanikwa juani, kama ulivyoanikwa mchanga wa Pangani saa sita za mchana. Kamera ielekezwapo angani huona giza tele lenye mwanga kidogo katikati, nayo, kwa kudhani kwamba inamsaidia mwenyewe, huongeza mwanga mpaka uso wa mwezi ukaungua wote. Mpiga picha hana budi kuikataza. Mwenye simu na auguse mwezi kwenye kioo, kisha ateremshe kidole ili mwanga upungue hadi mabaka yaonekane. Wenye kamera za filamu walikuwa na kanuni yao: tundu la lenzi huwekwa namba 11, na kwa filamu ya kipimo cha 100, kamera hufunguliwa kwa muda wa sehemu moja tu ya 100 ya sekunde. Kanuni hiyo ni ya mwezi mpevu. Ukiwa nusu, muda huongezwa mara mbili au zaidi. Na kamera za leo zisizo na filamu zaifuata vilevile.

Lipo jambo la pili linalowavunja moyo wengi. Mwezi uchomozapo juu ya maji huonekana mkubwa kama sinia, lakini hapo macho yanatudanganya. Nyoosha mkono, msomaji, nawe utaufunika wote kwa ukucha wa kidole cha mwisho, uwe umechomoza sasa hivi au uko utosini. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 huuchora mwezi kwa upana usiofika nusu milimita. Ndiyo maana lenzi ndefu zatafutwa. Asiye na uwezo wa lenzi ndefu, nasi ndio wengi, na aazime darubini ya macho mawili, kama zile wanazochukua watazama ndege huko Amani, aifunge imara juu ya kigogo au stendi, kisha aweke jicho la simu kwenye tundu la kutazamia. Asikawie: mwezi husogea angani upana wake mzima kila dakika 2 hivi.

Aghalabu watu husubiri mwezi uwe mpevu. Hapo jua huumulika usoni moja kwa moja, wala hapana kivuli, na picha hutoka bapa kama sahani. Usiku ulio bora ni kama wa saba tangu mwezi kuandama. Jua huumulika kwa ubavu, na mpakani mwa nuru na giza mashimo na milima yake hutupa vivuli virefu. Upande wenye nuru kuna baka jeusi liitwalo Bahari ya Utulivu, walipotua watu wa Apollo 11 tarehe 20 Julai 1969. Bahari hiyo haina tone la maji. Ni uwanda wa mawe yaliyoyeyuka zamani yakaganda.

Bahari yetu sisi ndiyo yenye maji, na mwezi ndio uyavutao. Ukiwa mpevu au mwandamo huja bamvua, na hapa Tanga tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi meta 3. Siku za nusu mwezi huwa maji mafu. Wavuvi wa dagaa wa Kipumbwi, ambao huvua kwa taa, wakati wa mbalamwezi kali hupumzika, kwa maana taa zao hazina nguvu ya kuwakusanya samaki. Kwao mwezi ni kalenda ya riziki.

Kwa wengine ni kalenda ya ibada, na hapo picha imezua matata. Kila Shaabani inapokwisha, na Ramadhani vilevile, simu hujaa picha za mwezi mwandamo zisizojulikana zimepigwa lini wala wapi. Nyumba moja yaamua kufunga, ya jirani yala. Kwa wanaofuata tangazo la Mufti jambo hili lina njia yake, lakini kuna alama moja ambayo kila mtu aweza kuitazama. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, digrii 5 tu kusini yake. Mwezi mchanga machweo hulala chali kama dau, pengine umeinama kidogo. Ukiletewa picha ya mwezi uliosimama wima kama mundu juu ya minara, yaelekea haikupigwa pwani yetu. Hata uliolala chali si ushahidi, kwani picha hugeuzwa, na ya mwaka juzi haitofautiani na ya leo. Nionavyo mimi, anayesambaza picha asiyoijua chanzo chake anacheza na saumu za watu.

Mwezi huo mchanga wenyewe, upande wa magharibi juu ya Usambara, ni mzuri mno kupiga kabla mbingu haijawa nyeusi. Tazama sehemu yake ya giza: ina nuru hafifu, nayo ni mwanga wa jua uliogonga dunia yetu ukarudi huko.

Waliokosa kupatwa kwa mwezi tarehe 27 Julai 2018, kulikodumu kikamilifu dakika 103, au kule kwa tarehe 7 Septemba 2025, wajiwekee alama ya tarehe 31 Desemba 2028. Jioni hiyo mwezi utachomoza baharini ukiwa tayari umemegwa, nao utafunikwa wote kuanzia kama saa 1:16 hadi saa 2:28 usiku. Kanuni ya namba 11 haitafaa wakati huo. Kamera itahitaji sekunde nzima au zaidi, na stendi isiyotikisika. Mimi na mwanangu tumekwisha kuchagua mahali petu pale Raskazone.